Wizara ya Kutochekwa

Nchi ninayoisimulia hapa haimo katika ramani za skuli, na anayeitafuta asijisumbue kuchungulia dirishani kwake. Ni nchi nyingine kabisa. Ina bendera yake, wimbo wake, na mawaziri wengi kuliko ofisi, hata baadhi yao hufanyia kazi za umma kwenye vibaraza vya wenzao. Mawaziri wa kwetu hawawezi kufanya waliyoyafanya wa huko, kwa hiyo msomaji asome kwa raha zake.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Ngwali, wakati ule Waziri wa Mambo Madogo, alipokwenda nchi ya Wafadhili kuomba trekta. Mwongoza mkutano wa huko alilisoma jina lake kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mheshimiwa alidhani wamefurahi kumwona. Akainuka, akainama kushukuru, wakazidi. Bibi mmoja wa Wafadhili alicheka mpaka akatolewa nje kupewa maji. Mheshimiwa aliuliza jina lake lina maana gani katika lugha ile, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba ni jina zuri sana, huku akitazama viatu vyake mwenyewe. Trekta hakupewa.

Aliporudi alilihutubia Bunge kwa sauti ya msibani.

"Waheshimiwa, taifa limechekwa," alisema. "Halikuchekwa kwa umaskini, maana huo tumeuzoea. Halikuchekwa kwa barabara. Limechekwa kwa jina. Na jina, Waheshimiwa, ndicho kitu pekee tulichokuwa tunakitengeneza wenyewe bila msaada."

Bunge lililia, kisha likapiga makofi, kisha likaunda Wizara ya Hadhi ya Majina Nje ya Mipaka, ambayo wananchi waliiita Wizara ya Kutochekwa. Mheshimiwa akapewa yeye aiongoze. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulivua jina lake la kuzaliwa na kujiita Mheshimiwa Protokali, na tangu siku hiyo aliyemwita Ngwali alilala rumande.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Jina la kila mtoto anayezaliwa litasomwa mbele ya mtu wa nchi ya Wafadhili. Akikaa kimya, limepita. Akicheka, limeanguka, na limeanguka kwa wote walio nalo, wachanga kwa wazee, kwa kuwa jina haliwezi kuwa aibu kwa mtoto na likabaki heshima kwa babu yake. Mtoto anayesubiri ataitwa Bado. Na jina linalosubiri halitatamkwa na mdomo wowote isipokuwa wa Msomaji Mkuu, tena ndani ya Ukumbi wa Usikilizaji.

Wapo waliouliza kuna haja gani, na hakuna raia hata mmoja aliyekuwa na pasipoti, kwa sababu mashine ya kuzichapa iliharibika zamani. Waziri alijibu kwamba siku itakapotengenezwa, itawakuta wananchi wako tayari.

*

Msomaji Mkuu aliitwa Bwana Machano. Kabla ya hapo alikuwa akitangaza kwenye maharusi, na Mungu alimjaalia sauti nzito, ya kujaa, iliyoweza kulifanya jina la muuza mkaa lisikike la sultani. Waziri alimsikia kwenye harusi ya mpwa wake akamchukua palepale, kabla pilau haijapakuliwa.

Mgeni wa kusikiliza alikuwa Bwana Visima. Huyu alitoka nchi ya Wafadhili katika ujana wake, amekuja kuchimba visima vya mradi. Mradi ulikwisha, wenzake wakaondoka na mashine, yeye akaachwa nyuma kwa bahati mbaya. Visima havikutoa maji, lakini mwenyewe alibaki. Wizara ilimchagua baada ya mchujo mkali, ambamo hakuwa na mpinzani.

Kila asubuhi Bwana Visima alikalishwa kwenye kiti cha enzi kilichoazimwa jumba la makumbusho, chini ya feni. Machano alisimama mbele yake, akavuta pumzi, akasoma. Kicheko kilikuwa kicheko, hakikuwa na rufaa. Tabasamu lilipelekwa kamati ndogo. Akikohoa, shughuli ilisimama, mgeni akapewa maji, na jina likarudiwa ili ijulikane alikuwa anaelekea wapi.

Mashavu lilianguka mwezi wa kwanza. Likafuata Chausiku. Siku lilipoanguka Kombo, watu wa kaskazini walirudi makwao kijiji kizima hakina jina, na vikao vya ukoo vikawa vigumu kuviendesha. Wazazi wakaerevuka. Wakaanza kuwapa watoto majina yaliyothibitishwa kuwa salama, ambayo mgeni aliyasikiliza huku akisinzia: Semina, Mkakati, Warsha, Kongamano. Skulini mwalimu akiita Semina, dawati zima la mbele husimama.

Machano hakuwa mtu mbaya. Alisoma jina, likaanguka, akaenda kula chakula chake cha mchana. Wazazi waliotoka ukumbini wakifuta macho alidhani wanafuta jasho, na kweli ukumbi ule ulikuwa na joto, maana feni ilimwelekea mgeni peke yake.

*

Ikawa Raya, mke wa Machano, akajifungua mtoto wa kike. Waliungoja ujauzito ule miaka mingi, mpaka majirani walishaacha kuwaombea wakahamia kwa watu wengine. Mtoto alikuwa mzima, mweusi, mwenye kelele. Katika chumba cha ndani cha nyumba hiyohiyo alilala mama yake Machano, Bi Tumu, aliyepewa jina hilo kwa kuzaliwa mwezi wa mfungo. Kifua kilikuwa kimembana, na daktari alikuwa ameshaanza kuzungumza naye kwa upole wa kutisha.

Watu wa nchi ile wana desturi yao. Jina la mzee halipewi mtoto kwa kutajwa tu. Mzee mwenyewe humpakata mtoto, humwita sikioni, na mtu asiye wa damu yao humwitikia mtoto kwa kuwa yeye hajaweza kusema. Hapo ndipo jina linapokuwa limevuka, na mzee na mtoto wanakuwa masomo, watu wa jina moja. Mzee akifa hajaita, jina huzikwa naye, na halifukuliwi.

"Machano, mwanangu," alisema Bi Tumu, "nipe somo yangu nimwite."

"Subiri kidogo, mama. Jina halijasomwa."

"Mimi nani alinisoma? Babu yako aliniita mbele ya majirani na mbuzi, nikawa."

"Ni sheria, mama."

"Hiyo sheria inaumwa kifua?"

"Hapana, mama."

"Basi yenyewe ndiyo isubiri."

Jikoni Raya alikuwa anakoroga uji huku akilia taratibu, bila kutaka kusikika.

"Ukilisoma, yule mtu akicheka," alisema, "mtoto hana jina, na mama hana jina. Tutamzika kwa jina gani? Marehemu Bado?"

"Basi tumwite mtoto Semina, yaishe. Mama tutamwambia tumechelewa."

"Semina wamejaa, Machano. Sikiliza hapo nje, wanaitana. Mimi ndiye ninayemgeuza mama yako kitandani asubuhi na jioni. Najua anachokingoja, na siyo dawa."

Machano alikaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kiti cha mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliiogopa sauti yake.

*

Alasiri ya siku ya pili yake alichukua mkate wa kumimina aliooka Raya, akaufunika kitambaa, akaenda nao kwa Bwana Visima, aliyekaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha barafu. Alimkuta anatengeneza redio, huku akimtukana mwamuzi wa mpira aliyekuwa ndani yake.

"Bwana Visima, nimekuja kwa siri. Mama yangu unamjua, na jina lake unalijua. Silitamki, maana hapa si ukumbini. Je, kwa lugha ya kwenu lina ubaya wowote?"

Bwana Visima alitafuna mkate mpaka ukaisha kinywani.

"Kwetu wapi?"

"Kwenu. Kwa Wafadhili."

"Machano, ile lugha imenitoka. Nilikuwa sina wa kusema naye. Yalianza kwenda maneno ya kazini, yakafuata ya sokoni, mwisho hata ya kuota. Nimebakiwa na tusi moja, na hilo nalo sina hakika kama nalitamka vizuri."

Machano aliweka kikombe cha chai chini.

"Sasa siku zote hizi unachekea nini?"

"Lile la kwanza nililichekea kwa sababu ulilisoma kwa madaha mno. Waziri akafurahi, akaniletea feni. Nikaelewa kazi niliyoajiriwa. Nikikaa kimya siku mbili tatu, wanaanza kunitazama, wanauliza kibali changu cha kukaa nchini. Basi nikiona muda umekuwa mrefu, nacheka."

"Na Kombo?"

"Siku ile nilikumbuka kisa cha mbuzi wa jirani."

"Chausiku?"

Bwana Visima aliinamisha kichwa. "Hilo lilikuwa kikohozi. Nilichoka kunywa maji."

Machano aliona aibu, aibu ya kweli. Alimkumbuka mzee mmoja wa kaskazini aliyesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, akifuta uso na kuuliza kwa adabu sasa wajukuu wamwiteje. Machano alikuwa amemwonyesha mlango wa kutokea. Alijua sasa kwamba yule mzee hakuwa akifuta jasho.

"La mama yako silicheki," alisema Bwana Visima. "Nilipokuja hapa niliugua homa, yeye ndiye aliyenipa uji. Akaniuliza jina, nikamtajia. Na jina langu wewe unalijua."

Machano alilijua. Lilikuwa jina ambalo kwa lugha ya nchi ile halitajwi mbele ya wakwe, na hata mbele ya watu wengine linahitaji moyo.

"Nyumba ilikuwa imejaa watu," aliendelea Bwana Visima, "na hakuna aliyecheka, hata watoto. Mama yako alisema, 'Jina zuri, mwanangu, hilo la kwenu liweke kwenye sanduku, sisi tutakupa la kutembelea.' Akaniita Visima. Nilikuja kujua kwa nini baada ya miaka, nilipokijua Kiswahili. Wewe nenda kasome. Mimi nitakaa kimya."

*

Siku ya kusomwa, Waziri naye akaja. Hakuna aliyemtarajia, lakini alikuwa na hotuba mpya, na hotuba ikikaa sana huharibika. Bi Tumu alikuwa ameletwa juu ya kiti, amebebwa na majirani, akawekwa mstari wa mbele. Raya alikaa pembeni yake na mtoto. Nyuma yao ulikuwepo umati wa wazazi na akina Bado wao.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Protokali, "wataalamu wametuthibitishia kwamba nchi zilizoendelea ziliendelea kwa sababu watu wake wana majina ambayo wao wenyewe hawayacheki. Sisi tumechelewa, lakini tunakwenda kwa kasi. Mwaka huu tumefanikiwa kuyaangusha majina mengi kuliko mwaka jana, na mwakani, kwa ushirikiano wenu, hatutabakiwa na mengi."

Wananchi walipiga makofi kwa kiasi kilichopangwa. Machano akasimama mbele ya kiti cha enzi. Safari hii hakuvuta pumzi ya harusini. Alilisema jina la mama yake kama mtu anavyosema jambo nyumbani kwake.

"Tumu."

Bwana Visima hakucheka. Alimtazama Machano, akamtazama Bi Tumu pale kwenye kiti, namna alivyokonda, mikono ile iliyomshikia kikombe cha uji sasa haiwezi kushika ukingo wa kanga. Machozi yakamtoka. Alijaribu kuyazuia kwa mgongo wa mkono, yakapita.

Wazazi wa nyuma waliinuka watazame.

"Hajacheka," alisema Waziri. "Limepita."

Mwanasheria wa Wizara alimnong'oneza. Sheria ilizungumzia kicheko, tabasamu na kikohozi. Juu ya machozi haikusema kitu. Waziri alijikuna kidevu, kisha uso wake ukaanza kubadilika.

"Subirini. Mgeni wetu analia. Jina moja tu, mtoto mmoja tu, na Mfadhili analia. Je, likiwafikia kwao kwa wingi? Tutaombaje trekta kwa watu tunaowaliza? Ndugu zangu, kuchekwa ni aibu, lakini kuwaliza Wafadhili ni hujuma."

Akaamua papo hapo. Jina Tumu limesimamishwa, kwa mtoto na kwa bibi yake, mpaka kamati maalumu isafiri nchi ya Wafadhili kuchunguza lina nini. Kamati itaondoka mara mashine ya pasipoti itakapotengenezwa.

Machano aliinua mkono aombe kusema, lakini Waziri alikuwa ameshakunja karatasi zake. Bi Tumu ndiye aliyesema, kwa pumzi fupifupi.

"Mheshimiwa, mwanangu, umesema mimi sasa naitwa nani?"

"Bado, mama. Ni kwa muda tu."

"Huo muda mimi sinao. Raya, nipe mtoto."

Raya hakusita. Alimweka mtoto mapajani mwa bibi yake, akamshikilia kwa upande, maana mikono ya mzee haikuwa na nguvu. Askari wa mlangoni alimtazama Waziri, Waziri akamtazama mwanasheria, mwanasheria akafungua kitabu atafute kifungu cha kumzuia ajuza aliyekaa. Alikuwa bado yumo katika faharasa Bi Tumu alipoinama sikioni mwa mtoto.

"Tumu," alisema.

Akangoja. Alikuwa anangoja mtu wa kuitikia, asiye wa damu yake wala ya mtoto. Wananchi walitazama sakafu, kwa kuwa kuliitikia jina lililosimamishwa ni kosa, na kila mmoja alikuwa na mtoto wake wa kusomewa. Mtoto alipiga miayo. Machano alitamani kuitikia yeye, lakini yeye alikuwa damu, isingefaa kitu, na mama yake angeondoka na jina lake mbele ya macho yake.

"Tumu," aliita tena Bi Tumu, chini zaidi.

"Labeka, bibi," alisema Bwana Visima.

Alikuwa ameshuka kwenye kiti cha enzi, amepiga magoti sakafuni kwa adabu, kama wanavyopiga watu wa pale. Bi Tumu alifumba macho, akatabasamu, akamlaza mtoto kifuani.

"Bwana Mgeni," alisema Waziri, "hilo neno ni la lugha yenu?"

"La hapa, Mheshimiwa."

"Na kwa lugha yenu mnasemaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nimeisahau yote."

Mheshimiwa Protokali alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu Wizara iundwe, alionekana anafikiri, na wasaidizi wake wakaogopa wakamletea maji. Alipoinuka alitangaza kwamba serikali imedanganywa kwa miaka na mwenyeji aliyejifanya mgeni, na kwamba amefukuzwa kazi.

Machano alisogea mbele. "Mheshimiwa, na yale majina yote yaliyoanguka?"

"Yalianguka kihalali," alisema Waziri. "Aliyeyaangusha ndiye asiye halali. Hayo ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye."

*

Wizara ilitangaza nafasi ya mgeni mpya, ambaye hajatumika. Machano alifukuzwa naye, kwa kosa la kusoma bila madaha. Hakukata rufaa. Alirudi kwenye maharusi, na watu wa kaskazini walikuwa wakimwita mara kwa mara, kisha wakafunga milango na kumwomba awasomee majina yao ya zamani, mmoja mmoja, kwa sauti yake yote. Alifanya hivyo bure.

Bi Tumu alikufa kabla ya mwezi kuandama. Ofisa wa Wizara alihudhuria maziko ili kuhakikisha kwamba jina lililosimamishwa halitajwi kaburini. Sheikh alipofika mahali pa kumwita marehemu kwa jina lake, alisita, akamtazama Machano. Machano akaliita yeye. Aliliita kwa sauti ile ya harusi, likavuka ukuta wa makaburi likafika barabarani, na wapita njia wakasimama. Ofisa, ambaye zamani naye alikuwa na jina lake, aligeuka akatazama upande wa mlango mpaka kaburi lilipokwisha kufukiwa.

Watu walipokwisha kutawanyika, Machano alirudi nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akasema kwa mazoea, kama alivyosema tangu utoto wake kila alipoingia nyumba ile:

"Mama, nimerudi."

Ndipo alipokumbuka. Akabaki amesimama palepale, kiatu kimoja mkononi, hajui aende chumba gani.

Raya alitoka ndani na mtoto begani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yako huyu hapa," alisema. "Mpokee, alikuwa analia. Mimi nikakoroge uji."